Gari Lisilo na Tundu

Fundi Rangi alibonyeza rimoti akiwa bado kizingitini, kikombe cha chai mkononi, kwa madaha ya mtu asiyewahi kukataliwa na gari lake. Gari halikujibu. Akashuka ngazi mbili za baraza, akanyoosha mkono, akabonyeza tena. Kimya. Akaigonga rimoti kwenye paja, akaipuliza, akaisogeza mpaka ikagusa kioo cha dirisha. Wapi!

"Baba, kuna nini?" aliuliza binti yake, aliyekuwa ameshatoka na mkoba begani na sare ya chuo imenyooka kwa pasi.

"Hakuna kitu. Linajivuta tu."

Kitu kilikuwepo. Kwenye kiti cha nyuma cha lile gari, kimefungwa mkanda wa usalama, kilikaa kiwiliwili cha kushonea, kisicho na kichwa wala mikono, kimevalishwa koti la kijivu. Koti hilo ndilo lililokuwa mtihani wa mwisho wa binti katika chuo cha ushonaji. Lilitakiwa kufika mbele ya wasahihishaji kabla ya saa sita mchana, likiwa juu ya kiwiliwili chake, pini za pindo kila moja mahali pake. Asiyefika na kazi yake anarudia mwaka mzima, na mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kusikiliza hadithi za magari. Walikuwa wamelipakia jana yake jioni kwa sababu paa la sebule lilikuwa linavuja, wakaona ndani ya gari ndipo mahali salama kuliko pote. Na kweli palikuwa salama. Sasa hata wao hawakuweza kuingia.

"Ni betri," Fundi Rangi alikiri mwishowe.

"Betri imefanya nini?" Mkewe naye alikuwa ametoka, anajifuta mikono kwa kanga. Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na siku hiyo aliomba ruhusa ili amsindikize mwanawe.

"Imeisha moto. Jana nilipokuwa nalisugua gari niliwasha redio kidogo."

"Kidogo?"

"Ilikuwa fainali, mama watoto."

"Na yale mazungumzo baada ya fainali, ambayo yalitufikia mpaka jikoni, nayo yalikuwa fainali?"

Fundi Rangi aliitia rimoti mfukoni. Gari lilikubali kujifunga kwa nguvu zake za mwisho, na usiku ile taa ndogo ya king'ora ikamalizia kilichobaki. Binti alitazama saa ya simu yake. Ilikuwa saa nne kasorobo, na chuo kiko upande wa pili wa mji.

"Sasa si utumie ufunguo?" alisema. "Huo hapo umening'inia kwenye rimoti."

"Ufunguo upo."

"Haya, fungua."

"Tundu ndilo halipo," alisema baba yake, akatazama pembeni.

Hapo ndipo pa kueleza, maana mtu mgeni angedhani anatania. Fundi Rangi hupaka rangi magari. Gari likimfikia limekwaruzwa, limebonyea, limekula kutu, yeye hulijaza puti, akalipiga msasa, akalipulizia rangi, na mwenyewe akirudi hulipita bila kulitambua. Hili lake alilinunua likiwa limegongwa ubavu mzima, akalifufua kwa mikono yake. Siku moja, yapata miezi miwili nyuma, aliingia ndani, magoti yakagonga usukani. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele. Yeye ni mtu mrefu, na nyumba nzima anayeendesha ni yeye peke yake. Akakata shauri palepale kwamba kuna mwizi mwenye nakala ya ufunguo, anakuja kulipima gari kabla ya kuliiba. Akachukua puti, akaliziba tundu la ufunguo la mlango wa dereva, ambalo ndilo tundu pekee gari lile lililokuwa nalo, akapiga msasa, akapuliza rangi ubavu wote ili pasionekane kiraka. Kisha akaita majirani walitafute.

"Atakayeliona nampa soda," alijigamba.

Hakuna aliyeinywa hiyo soda. Watu walipapasa, wakainama, wengine wakaja hata kutoka mtaa wa pili kutazama gari lisilo na tundu. Mkewe siku hiyo alisimama kizingitini, akautazama kwa muda mrefu kuliko wote ule mlango wa gari uliong'ara, akasema, "Umeweza," akarudi ndani.

Asubuhi hii ya betri nayo, majirani hawakuchelewa. Watoto ndio walioanza, kwa sababu mmoja wao alichungulia kioo cha nyuma akatoka mbio.

"Kuna mtu ndani ya gari! Hana kichwa!"

"Amefungiwa?"

"Amefungwa mkanda!"

Habari ya mtu asiye na kichwa ilitosha kumtoa ndani jirani wa mkono wa kushoto, mama mmoja aliyeitwa Redio kwa sababu taarifa zake hazina saa ya kufunga. Alikuja na kigoda chake, dalili kwamba alitaka kukaa.

"Shemeji," alimwambia Fundi Rangi, "naambiwa umejifungia nje."

"Betri tu."

"Si utumie ufun... Aa!" Redio aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Lo! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Lile tundu la soda!"

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliacha mteja na kichwa nusu, akaja na henga ya waya aliyokwisha kuinyoosha njiani. Mteja naye akafuata na taulo shingoni, kwa sababu naye alitaka kuona. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema kinyozi. "Niachieni mimi. Unapenyeza hapa juu ya mlango, unavuta kile kitasa cha ndani, kwisha kazi."

Alipenyeza upande mmoja, waya ukapinda. Akajaribu kona ya chini, ukapinda zaidi. Akatafuta hata upenyo wa ukucha kati ya mlango na bodi, hakuupata.

"Fundi, huu mlango umeukaza namna gani?"

"Niliweka mpira mpya," alisema Fundi Rangi, na katika ile aibu sauti yake ikateleza ikawa ya fahari. "Halafu mlango wenyewe niliunyoosha mpaka ukalala. Hata vumbi haliingii."

"Naona. Hata mwenyewe haingii," alisema mteja mwenye kichwa nusu.

Watu wakacheka. Fundi Rangi alicheka nao kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkwewe. Walijaribu kupitia buti, lakini buti hufunguliwa kwa kamba iliyo ndani. Boneti nayo hivyohivyo, kwa hiyo hata betri yenyewe haikufikika. Kinyozi alipendekeza wategue kioo kidogo cha pembeni kwa bisibisi, wakakuta Fundi Rangi alikwisha kukigandisha kwa gundi ili kisipige kelele barabarani. Kila mahali walipogusa walikutana na ustadi wake. Mtu mmoja aliyekuwa anapita, ambaye gari lake lilikuwa likisubiri zamu ya kupelekwa gereji kwa Fundi Rangi, alisimama akasikiliza kisa chote, akatikisa kichwa.

"Fundi, langu nitalileta Jumatatu kama tulivyosema," alisema. "Ila nakuomba sana, uniachie tundu langu."

Hiyo ilimchoma kuliko zote. Mganga hajigangi, watu husema, lakini hapa mganga alikuwa amejiganga mpaka akajidhuru.

"Tuvunje kioo," alisema kinyozi. "Cha dereva. Jiwe moja tu."

"Kioo cha gari hili hakipatikani hata kwa wauza vyuma chakavu. Na mvua hizi?"

"Baba," alisema binti, "mvua na mwaka wangu, kipi?"

"Mwanangu, sijasema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema."

"Na vipande?" mama yake aliingilia kati. "Kioo kikipasuka humo ndani vipande vitarukia koti. Pindo lile limekaa kwa pini tu. Utavitoa saa ngapi, na msahihishaji akipitisha mkono akajikata?"

Binti aligeukia gari. Alibandika paji la uso kwenye dirisha la nyuma akalitazama koti lake. Lilikuwa pale, karibu kabisa, kola imekaa vizuri kuliko siku yoyote. Alikuwa ameifumua kola ile mara nyingi kiasi cha kuichukia, na jana tu ndiyo ilikubali. Machozi yakamtoka bila kwikwi, naye hakuyafuta.

Fundi Rangi alimwona. Aliingia uani akatoka na bisibisi, patasi ndogo na nyundo. Alipiga magoti mbele ya mlango wa dereva, akaupapasa kwa kiganja taratibu, na watu wote wakasogea karibu, kwa sababu walijua anachotaka kufanya.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema, akaushindilia patasi ule mlango wake mwenyewe.

Rangi iliruka vipande. Alikwaruza chini ya kitasa, akifuata alichokiamini, akapanua kidonda mpaka kikawa na ukubwa wa kiganja. Bati likatokea jeupe, zima, lisilo na tundu.

"Si hapo," kinyozi alinong'ona, kana kwamba yupo msibani.

"Nimeona kwamba si hapo."

Akahamia mkono wa kushoto wa kitasa. Patasi ikalia, puti ikamwagika kama unga, na chini yake bati jingine zima. Jasho lilimtoka masikioni. Magari mengi mno yalikuwa yamepita mikononi mwake. Mengine tundu liko chini, mengine kando, mengine limefichwa ndani ya kitasa, na mikono yake sasa ilimchanganyia habari. Hili lake mwenyewe siku zote alilifungua kwa rimoti. Tundu alilitazama jioni moja tu, jioni ya kuliziba.

"Nikipiga ovyo nitaiharibu loki yenyewe," alisema bila kumlenga mtu. "Nikiiharibu loki, basi tena."

"Saa nne na nusu," alisema Redio, ambaye hakuombwa saa.

Mkewe alisimama nyuma yake, kanga ameikunja mikononi kama anayekamua shuka. Yeye alijua. Alijua tundu liko wapi kuliko alivyojua mahali pa swichi ya taa gizani, na ujuzi huo ulikuwa umemkaa kooni tangu asubuhi. Dada yake mkubwa alikuwa dereva wa basi la shule, na ndiye aliyemfundisha, Jumamosi moja baada ya nyingine, kwenye uwanja wa shule watoto wakiwa hawapo. Baadaye, siku ambazo zamu ya hospitali iliisha mapema na Fundi Rangi bado yuko gereji, alianza kuchukua ule ufunguo wa akiba, wa chuma kitupu, kutoka kwenye kopo la misumari. Alienda kwa mama yake, akampeleka kliniki, akarudi, akaegesha palepale, akafuta hata alama za matairi. Siku moja tu alisahau kukirudisha kiti nyuma.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu mumewe alikuwa na mzaha wake mmoja, ambao kila mgeni lazima ausikie. "Gari ni kama mswaki," husema, "halina wenyewe wawili." Wageni hucheka, naye mkewe huwaongezea chai. Mara ya kwanza alicheka pia. Mara ya kumi alikuwa anahesabu sukari tu. Akisema leo mbele ya mtaa mzima, ameutoa mkononi mwake mwenyewe uhuru pekee aliojitengenezea, ambao tangu tundu lizibwe alikuwa akiungojea urudi, na Redio yupo palepale kwenye kigoda. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Patasi ilihamia chini zaidi. Binti alikuwa amekaa ngazini, kichwa kati ya magoti. Mficha uchi hazai, mama alijiambia.

"Si hapo, baba watoto."

"Nisaidieni jamani, kila mtu leo ni fundi!" alisema mumewe bila kugeuka.

"Panda juu. Kando ya kitasa, mkono wako wa kulia. Hapa." Aliinama, akaweka vidole viwili juu ya rangi iliyong'ara, akaviacha hapo. "Chini ya vidole vyangu."

Fundi Rangi alivitazama vile vidole. Akamtazama mwenyewe.

"Umejuaje?"

"Kwaruza."

"Nakuuliza, umejuaje?"

"Na mimi nakwambia kwaruza. Mtoto anachelewa."

Redio alijiinua kidogo kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue hakuwa na la kusema. Fundi Rangi aliweka patasi pale vidole vilipoondoka, akagonga mara moja, polepole. Puti ikapasuka. Akagonga tena, na kipande cha mviringo kikadondoka kama kifuniko cha chupa, na nyuma yake likatokea tundu, dogo, jeusi, limejaa vumbi. Watoto walipiga makelele kana kwamba ameibuka sungura.

Ufunguo uliingia nusu ukagoma. Mkewe akamwondoa kwa kiwiko bila kumwomba, akanyoosha mkono nyuma. "Sindano!" Binti alichomoa sindano ndefu kwenye mkoba wake, na kichupa cha mafuta ya cherehani. Mama akachokonoa, akapuliza, akadondosha tone, akachokonoa tena, macho ameyakodoa kama anayetoa mwiba. Ufunguo ukazama mpaka mwisho. Akauzungusha. *Kata!*

Binti alipita katikati ya watu, akapitisha mkono kwa ndani akafungua mlango wa nyuma, akalipapasa koti, kola, mabega, pindo. "Pini zote zipo," alisema. "Zipo zote, mama."

"Litolewe sasa, twende na pikipiki," alisema kinyozi.

"Na kiwiliwili je? Upepo utapeperusha pindo lote. Gari," alisema binti, akaingia akakaa kando ya koti lake, akalishika kiuno kama mgonjwa. "Gari tu."

Ndani, kwenye dashibodi, kulikuwa na mwanga hafifu wa rangi ya chungwa, kwa hiyo betri haikuwa imekufa kabisa. Gari lenyewe lilikuwa la gia za mkono.

"Tusukume," alisema Fundi Rangi. "Nguvu zote nyuma, mpaka kwenye ule mteremko. Anatakiwa mtu wa kushika usukani, mimi nisukume. Kinyozi!"

"Mimi? Mimi najua mkasi."

"Wewe mwenye taulo?"

"Nina leseni ya baiskeli."

Wakati bado wanaulizana, mlango wa dereva ulifungwa. Mkewe alikuwa ameshakaa. Aliinama, akashika kitu chini ya kiti, na kiti kikasogea mbele kwa sauti ya meno ya chuma, *krrr*, kikasimama pale miguu yake ilipofika klachi bila kujinyoosha. Alifanya hivyo bila kutazama. Fundi Rangi alisikia ile sauti, akabaki amesimama dirishani mdomo wazi, na kile kitu alichokuwa akikiwaza kwa miezi miwili, mwizi mfupi mwenye ufunguo wa bandia, kikamwondoka chote kwa mara moja.

"Ni wewe," alisema.

Mkewe alitia ufunguo akauzungusha, akakanyaga klachi, akaweka gia ya pili, akashusha breki ya mkono. Kisha akamtazama, na macho yake hayakuwa na ugomvi wala hayakuwa na samahani.

"Sukuma, baba watoto."

Akasukuma. Walisukuma wote, yeye na kinyozi na mwenye kichwa nusu na watoto, na Redio akisukuma kwa mdomo. Gari likajikokota, likashika mwendo, likafika mwanzo wa mteremko. Hapo mama akaachia klachi, si mapema, si kwa kuchelewa. Gari likajirusha kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, likakohoa, likanguruma. Waliokuwa nyuma walianguka juu ya mikono yao.

"Ngoja niingie!" Fundi Rangi alipiga kelele akikimbia.

"Nikisimama litazima!" mkewe alijibu kwa dirisha. Na kweli lingezima. Alipofika mwisho wa mtaa aliwasha taa ya kukata kona, akapunguza, akatazama huku na huku, akapita, akapotea.

Watu walisimama barabarani wakihema. Fundi Rangi alikuwa na puti kwenye nyusi na kandambili moja.

"Shemeji," alianza Redio, ambaye sauti ilikuwa imemrudia, "kumbe mwenzetu anaendesha. Nani kamfundisha?"

"Sijui."

"Alianza lini?"

"Sijui."

"Huwa anaenda wapi?"

"Mama, nimekwambia sijui."

"Basi humo ndani unaishi na nani, shemeji?" aliuliza Redio, na safari hii hakuwa akicheka, alitaka kujua kwelikweli.

Hasira ilimpanda Fundi Rangi, akaitazama ikishuka yenyewe. Alikaa kwenye ngazi za baraza. Watu walitawanyika, kinyozi alirudi kumalizia kichwa. Fundi Rangi hakwenda kazini. Aliwaza ile klachi ilivyoachiwa. Yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza, alizima gari mara ngapi kwenye mteremko kama ule? Alitaka kujua nani aliyemfundisha vile, na alitaka kujua anapokuwa peke yake barabarani hufungulia redio au huimba, na kama huwa anaogopa malori. Maswali yalimjia kwa wingi, na kila moja lilimtia aibu na hamu kwa pamoja.

Simu ililia saa sita imeshapita. Aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Baba! Limepokelewa! Mwalimu mkuu kaizunguka ile kola mara mbili, hakusema kitu, akatia sahihi!"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Alhamdulillahi." Aliinuka ngazini. "Mko wapi sasa?"

"Tuko njiani. Mama anasema tunapitia kwa bibi kwanza, betri ipate moto."

"Sawa, sawa. Hebu mpe mama yako simu. Nataka kumuuliza kitu."

"Hawezi, baba," alisema binti. "Anaendesha."